Mpira Uliotumbukia Bondeni

Mpira ulipotumbukia bondeni, watu wote walinigeukia mimi kwanza, ndipo wakamtazama Mendo.

Alikuwa ameupiga kwa hasira. Nilikuwa nimepuliza faulo, mpira wa adhabu uende kwa wasichana wa Gairi, naye badala ya kuuacha akauchapa teke. Ukapita juu ya ukuta wa mawe, ukadunda shamba la kwanza la ulezi, la pili, la tatu, halafu tukasikia majani tu. Kiwanja chetu kimekatwa mlimani, upande mmoja hauna kitu. Sheria ya hapa, ambayo haimo kitabuni, ni kwamba aliyeutoa ndiye anayeufuata. Kabla sijatia mkono mfukoni, Mendo alikuwa ameshauruka ukuta.

Nakiri nilishukuru kuona ameondoka.

Kuchelewesha mpira kuanza ni kadi ya njano. Njano moja alikuwa nayo tayari, ya kipindi cha kwanza, kwa kunibishia. Mbili ni nyekundu. Na nyekundu ya leo, nusu fainali, maana yake hachezi fainali Jumamosi, siku anayokuja kocha wa timu ya polisi kutoka Kathmandu kuchagua wasichana wawili wa kuajiriwa. Mendo ana miaka ishirini na miwili. Kwao wameshasema, akikosa safari hii, watamjibu yule mwanamume wa Dhading anayesubiri kumwoa.

Nilisimama katikati, filimbi mkononi. Mechi za vijijini hazina washika vibendera. Ni mimi peke yangu.

Nahodha wa Gairi, Bipana, akanijia. "Dada refa, mbona kimya? Hiyo si kadi?"

"Rudi kwenye nafasi yako."

"Nauliza tu. Au kalamu imeisha wino?"

Wenzake wakacheka. Mmoja akasema kwa sauti ya kusikika, "Mwache, ndiye rafiki yake huyo. Asubuhi wamekuja wote."

Ilikuwa kweli. Kijiji chetu kiko mwendo wa saa mbili, na tangu nianze urefa hakuna mwingine anayetembea nami siku ya mechi. Watu si wabaya. Wanaogopa tu kuonekana na refa. Chakula changu, mchele wa kupondwa na viazi vya pilipili, huwekwa juu ya jiwe pembeni, nikale mwenyewe. Mendo hakujali. Alikuwa akija na bakuli lake, anaketi, ananicheka ninavyosoma kile kitabu cha sheria huku nafuatisha mistari kwa kidole, maana shule niliishia darasa la tano. Asubuhi ile, kwenye bomba la chemchemi, alinishikia juu mpira mrefu unaotoa maji ili ninywe kwa mikono miwili, nami nikamshikia. Akasema, "Mdogo wangu, leo usinionee huruma, ila usinionee tu."

Sasa nilikuwa namwangalia akishuka, jezi nyekundu kwenye ulezi, inazama, inaibuka. Chini kabisa kuna mto. Mpira wa akiba ulikuwa umepasukia kwenye miba kipindi cha kwanza, na waandaaji walishatangaza kwamba bila mpira mechi itarudiwa Ijumaa tangu mwanzo, kadi za leo zifutwe.

Wasichana wa timu yake wakalikumbuka hilo kabla yangu. Wakapanda ukutani.

"Mendo! Usijisumbue, uache uende na mto!"

"Kaa hukohuko, dada! Lala kidogo!"

Nikajikuta naomba hivyohivyo moyoni. Halafu nikawaza jambo jingine, baya zaidi, kwa sababu lilikuwa jepesi. Kitabu kinasema uamuzi unaweza kubadilishwa maadamu mpira haujaanza tena. Ukishaanza, umekwisha. Kwa hiyo kama ningepuliza tu, haraka, bila kadi, lingepita. Bipana angelalamika, wazee wangenung'unika, Jumamosi ingefika. Njano ya kwanza ilikuwa katika daftari langu, na daftari lilikuwa mfukoni mwangu.

Nikamwona Mendo ameinama karibu kabisa na mto. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akainuka, mpira kwapani, akaanza kupanda. Alipanda taratibu, shamba baada ya shamba, bila kuinua kichwa. Angeweza kuuacha. Alikuwa amesikia kila neno.

Akauruka ukuta, magoti yana tope. Hakumpa Bipana mpira. Alinijia mimi, akauweka miguuni pangu.

"Ulikuwa umekwama kwenye mawe," akasema. "Nimeukuta."

"Nimekuona."

"Najua. Huwa hupitwi na kitu wewe." Akanitazama. "Basi fanya, mdogo wangu. Nisisimame hapa kama mbuzi mnadani."

Nilitoa ya njano, kisha nyekundu. Mkono wangu niliuona kama wa mtu mwingine. Gairi wakashangilia. Mama mmoja akapiga kelele, "Huna haya, binti! Amekubeba mgongoni huyo ulipokuwa mtoto!" Mendo akavua kitambaa cha unahodha, akampa mwenzake.

"Sawa, refa," akasema, akatoka.

Nikauweka mpira palepale pa faulo ya kwanza, kwa sababu kadi haibadilishi mahali. Nikahesabu hatua za ukuta wa wachezaji, nikapuliza. Kipa akaudaka. Timu ya Mendo, wakiwa kumi, walishinda moja bila. Jumamosi watacheza bila yeye.

Chakula changu kilikuwa juu ya jiwe. Sikukimaliza.

Njiani alikuwa mbele. Kwenye kila kona niliiona jezi yake, na alipopunguza mwendo nilipunguza, sikujua nikimfikia nitasema nini. Nilipofika kwenye bomba alikuwa ameshapita, mawe bado yamelowa. Nikauinua mpira wa maji kwa mkono mmoja, nikakinga kwa mwingine. Maji mengi yakaniingia kifuani, nikapata mafunda mawili tu.