Chujio la Sebuleni kwa Shangazi Apolinaria

Saa nne asubuhi Flavia alisimama mbele ya kaunta ya duka la Hamoud, nyuma ya soko, mkononi ana karatasi ya vipimo vya tangi la samaki: urefu mita moja, maji lita mia na ishirini, samaki wa dhahabu watano. Mwezi Juni walikuwa tisa. Wanne walikufa mmoja mmoja, na maji yakageuka rangi ya chai iliyolala.

Babu yake Hamoud aliuza vitambaa mjini Tabora, baba yake akauza baiskeli, na yeye anauza chochote kinachochomekwa kwenye umeme. Aliisoma karatasi ile mara mbili kabla ya kuuliza.

"Maji unabadilisha?"

"Nusu, mara mbili kwa wiki. Nikimwaga leo, kesho yamechafuka tena."

"Tangi mmeliweka wapi?"

"Sebuleni, karibu na kiti cha Shangazi."

"Na watu wanaozungumza humo ni wangapi?"

Flavia akahesabu: Shangazi, akina mama wa jumuiya ya kanisani kila Alhamisi, wageni wa sendofu ya kumuaga binti yake Advera kabla ya harusi, mwezi Juni, na televisheni. Hamoud akaandika namba pembeni ya vipimo.

"Basi ni maneno," alisema. "Tangi la sebuleni samaki huchafua kidogo, watu ndio huchafua sana. Maneno mepesi huelea, ukimwaga maji yanaondoka. Mazito huzama kwenye changarawe, na hayo huyatoi kwa ndoo."

Akapanga machujio matatu kwenye kaunta. La kwanza lilikuwa kipande cha sponji chenye pampu ya hewa, linalowafaa watu wawili wasiogombana. La tatu lilikuwa kopo kubwa lenye mipira miwili ya kupitisha maji, la hoteli na ofisi za wakubwa. La kati lilikuwa kisanduku cha kuning'iniza ukingoni mwa tangi, mrija wake unafika chini kabisa. Maji hupita kwenye sponji, kisha kwenye nafasi ya mkaa maalumu. Mkaa humeza harufu, rangi na sauti. Ila mkaa ulikuwa umekwisha dukani, hadi mzigo mwingine uje kutoka Dar.

"Litafanya kazi bila mkaa," Hamoud alisema, "ila sponji itabaki na kila kitu. Na usiioshe kwa maji ya bomba. Yana dawa, yataua vijidudu vinavyosafisha. Chota maji ya tangi lenyewe kwenye ndoo, uikamue humo, taratibu."

Flavia akachagua la kati. Alilichagua mwenyewe, na baadaye hakuna aliyemwacha asahau hilo.

Shangazi Apolinaria si mtu mbaya. Akina mama wa jumuiya watakuambia hivyo kabla hujauliza. Alimchukua Flavia kutoka kijijini Usinge akiwa na miaka kumi na minne, aje mjini asome. Flavia akasoma jiko. Sasa ana miaka thelathini na moja na hana mpinzani kwa pilau ya watu mia mbili. Mama yake, Marcelina, alibaki Usinge, bila simu, na mizinga yake ya nyuki kando ya msitu, na kila Julai alituma dumu la asali kwa treni.

Mwaka huu dumu halikuja. Shangazi alisema moto umepita msituni. Festo, kaka yake Flavia, hapokei simu zake tangu Juni, naye Flavia ameshindwa kujua amemkosea nini. Lakini kila baada ya wiki mbili Shangazi humwambia, "Mama yako anakusalimu," na moyo wake hutulia. Mwezi Agosti alinunua doti ya khanga, akampa Shangazi aifikishe kwa mtu anayekwenda Usinge. Shangazi akaleta jibu kwamba imefika na imempendeza.

Chujio lilinguruma wiki mbili. Maji yalianza kung'aa, samaki wakarudi kula. Jumamosi Flavia akatoa sponji, nzito kama kifurushi cha matope, akachota maji ya tangi kwenye ndoo, akaketi barazani na kuanza kukamua.

Kwanza yalitoka maneno mepesi. *Karibuni, karibuni ndani. Ongeza chumvi. Bwana awe nanyi.* Kikatoka kipande cha taarifa ya habari na kicheko cha mama mmoja wa jumuiya. Flavia akageuza sponji upande wa pili, akakamua tena, na maji yakatoka meusi.

*Shikamoo Shangazi,* ilisema sauti ya Festo ndani ya ndoo. Shangazi hasikii vizuri sikio la kulia, kwa hiyo simu zake zote huziweka sauti ya juu, na pande zote mbili huanguka majini. *Mama ametutoka alfajiri ya leo. Tunaomba umkalishe Flavia chini, umwambie taratibu. Tunazika keshokutwa. Tunamsubiri.*

*Poleni, mwanangu. Nitamwambia.*

Kwao mfiwa haambiwi msiba kwa simu. Habari hupewa mkubwa wa nyumba anamoishi, naye humlisha mtu kwanza, akamkalisha, akamshika mkono, ndipo akamwambia. Ni desturi nzuri, imewaokoa wengi wasianguke njiani.

Maji yalitulia kidogo, kisha ikaja sauti ya Advera, binti wa Shangazi: *Mama, mwambie sasa hivi.*

*Hapana. Baada ya sendofu. Akienda leo nani atapika?*

Flavia alikumbuka siku ile. Alikuwa nyuma ya nyumba na magunia mawili ya mchele, akichagua mawe, na alikuwa akiimba.

Akakamua mara ya tatu. Hakutaka; mikono ndiyo iliyokamua. *Festo, mwanangu, nimemwambia. Amesema hawezi kuja, ana shughuli. Msimlaumu, vijana wa siku hizi ndivyo walivyo.*

Akaiweka sponji chini. Alitaka kulia akaona kilio hakijui pa kuanzia, kwa sababu mama yake alikuwa amekufa miezi mitano iliyopita na alikuwa amekufa dakika hii. Kilichomkata maini zaidi ni zile salamu. Aliingia ndani, akafungua kabati la Shangazi, akaikuta doti ya khanga imekunjwa vizuri, karatasi ya dukani haijabanduliwa.

Shangazi alikuwa amesimama mlangoni. Alikwishaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka barazani.

"Hilo chujio ni zuri," alisema. "Linavuta hadi vya chini."

"Shangazi, ulikuwa unaniletea salamu."

"Ningekuambia nini, Flavia? Sendofu iliisha, ikaja harusi, kikaja kipaimara. Kila nikitaka kukuambia naona umefurahi. Nimekusitiri, mwanangu."

Flavia akafunika ndoo kwa kifuniko chake, akajifunga ile khanga, akaenda stesheni.

Ndani ya treni ndoo ilikuwa kati ya magoti yake. Behewa likitikisika, Festo alisema tena kwamba mama ametutoka, na Shangazi akasema nani atapika. Abiria wa kiti cha pili alisogeza miguu ili ndoo isimwagike, akasema, "Pole, dada." Mwingine akamwambia afunge kifuniko kwa kitambaa, maneno huchacha kwenye joto.

Alishuka Usinge, akajitwika ndoo kichwani. Kwa Wanyamwezi kubeba mzigo wa mtu mwingine kwenda mbali si jambo geni. Mababu zao walibeba mizigo ya misafara hadi pwani na nyimbo zake bado zinaimbwa. Flavia hakuimba. Festo, akiwa shambani, alimwona akija, akaendelea kulima.

Jioni, jua halijazama, wazee wa ukoo waliketi uani, Mzee Limbu katikati. Flavia akafungua ndoo na kuyakoroga maji kwa mkono. Wakasikiliza mwanzo hadi mwisho. Walipofika kwenye "ana shughuli," Festo alijifunika uso. Mzee Limbu akaomba yakorogwe tena, kwa sababu hapo kati treni ilikuwa imeyachanganya.

"Tumesikia," alisema hatimaye. "Maji hayasemi uongo. Festo, ulimpa nani msiba?"

"Mkubwa wa nyumba."

"Akaupokea?"

"Akaupokea."

"Basi msiba ulifika." Akamgeukia Flavia kwa upole kabisa. "Mwanangu, ukishaingia nyumba, umeingia kwa watu wake wote. Apolinaria ni dada wa marehemu baba yako. Watoto sita wa ukoo huu wamepita kwake. Hatuwezi kumwita hapa tumuulize habari ya pilau. Kwa desturi wewe uliambiwa na hukuja."

"Sikuambiwa, baba."

"Tumesikia. Lakini uliambiwa."

Hukumu ilikuwa mbuzi mmoja, wa kuwaomba radhi waliozika. Kabla ya mbuzi asingeweza kufika kaburini. Festo alimpeleka hadi mahali kaburi linapoonekana, baada ya mizinga, akamshika mkono kama alivyotakiwa kushikwa mwezi Juni. Walikaa hapo, na nyuki wakaendelea na kazi zao. Yale maji Flavia aliyamwaga palepale aliposimama, na ardhi ikayanywa, ikasema nani atapika, ikanyamaza.

Flavia hakuwa na mbuzi. Festo alikuwa ameuza wawili kwa ajili ya matanga. Katika ukoo mzima mwenye uwezo wa kutoa mbuzi bila kuumia alikuwa mmoja tu, na kila mtu alimjua.

Aliporudi Tabora alikuta sebule imefagiliwa na tangi linameremeta. Shangazi alikuwa amekwenda mwenyewe kwa Hamoud. Mkaa ulikuwa umewasili.

"Shikamoo Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Pole na safari. Pole na mama."

Flavia akaeleza habari ya mbuzi. Shangazi alisikiliza kwa huruma, akafuta machozi, na machozi yalikuwa ya kweli.

"Mbuzi si tatizo," alisema. "Nitakupa, mnono. Ila tusubiri Krismasi ipite, Advera anakuja na wakwe zake. Ukienda sasa hivi nani atapika?"

Maneno yakaanguka majini, yakashuka polepole mpaka kwenye changarawe. Chujio likayavuta juu, yakapita kwenye sponji, yakaingia kwenye mkaa. Yaliporudi tangini yalikuwa maji tu. Samaki watano waligeuka kwa pamoja kumtazama, wakisubiri chakula.

Flavia akawapa chakula. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kuchagua mchele.