Kadi Iliyolala Mbele ya Chui

Komeo likagonga chuma, giza likatufunika.

"Hatoki mtu!" Askari wa hifadhi alikuwa ameegemeza mgongo mlangoni, anahema. "Chui jike kalala kwenye ngazi huku juu, wanawe wakubwa wameziba njia ya chini. Kaeni. Mwenye kuomba aombe."

Tulikuwa mahujaji wachache, tumebanana ndani ya lango la ngome kama magunia ya ngano. Hekalu la mungu Ganesh liko kileleni, na kuufikia mlango wake lazima uupite msitu wa chui milia wa Ranthambore. Kwetu Ganesh ndiye mwalikwa wa kwanza. Kuhani asipomsomea kadi ya harusi sikioni, hakuna kadi nyingine inayotoka nyumbani, na harusi hakuna. Kadi ya binti yangu Santra ilikuwa imefungwa kwenye kitambaa chekundu pamoja na ladu, vitamu vya sadaka. Jua lile likizama, siku za heri zingekuwa zimekwisha mpaka mvua zipite, na wakwe walikwisha kuanza kunung'unika kwamba wanaoa kwa mjane. Wasingengoja mvua zipite.

Kadi yenyewe sikuwa nimeigusa; mkono wa mjane ni nuksi kwa harusi. Aliipakata Kesanti, mke wa kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, mwanamke mwenye mume hai na bangili mpaka kwenye kiwiko. Mimi nilibeba maji na viatu vyake.

"Usinisogelee," aliniambia gizani. "Mkono wako usije ukaigusa."

"Niko mbali, Dada. Nyuma yangu ni ukuta."

"Basi banana na huo ukuta."

Mwanamke mmoja akaguna pembeni. "Mwache mwenzio. Chui akiingia humu hatauliza mjane ni nani."

"Wewe nyamaza! Mdomo kama kengele ya mbuzi!"

Giza halikuwa geni kwangu. Kesanti alipomwoza mwanawe wa kiume, aliniingiza ghalani akatia komeo kwa nje, bwana harusi asije akakutana na uso wangu kabla ya nyuso nyingine. Hakufanya kwa chuki. Baadaye aliniletea chakula, tena kingi. Nilikaa juu ya magunia ya haradali, nikisikiliza ngoma na kulitaja jina la Ganesh. Siku ile langoni kitu kimoja tu kilikuwa kigeni: Kesanti naye alikuwa ndani.

Kwenye ufa wa ubao niliuona mkia. Uliinuka, ukaanguka juu ya jiwe, ukainuka tena. Huko bondeni kulungu walikuwa wakibweka, kama wafanyavyo chui akiwa karibu. Hapo ndipo mkono mweusi kama masizi ulipopenya katika tundu la ukuta ukakwapua kile kitambaa mapajani mwa Kesanti.

"Kima! Kima huyo!"

Nikamwona kupitia ufa, amekaa juu ya ukuta, anakula ladu bila haraka. Alipomaliza aliinusa kadi, akaing'ata pembeni, akaitupa. Ikatua kwenye ngazi, mbele ya chui. Chui akanyoosha shingo, akaipumulia.

Bwana Ganesh, nikasema moyoni, unaona mwenyewe ilipo.

Jua lilikuwa limeshageuka rangi chui alipoinuka. Akajinyoosha kama paka wa jikoni, akairuka kadi na kupotelea vichakani. Askari alitega sikio muda mrefu, kisha akafungua mlango kidogo.

"Wanawe wamemfuata. Tunashuka sasa hivi, sote."

"Na kadi yetu?" Kesanti akauliza.

"Mtaandika nyingine."

"Leo hii?"

Kulungu walikuwa bado wanabweka. Kesanti akaenda mpaka mlangoni, akaitazama ngazi, akarudi kuketi chini kwa mlio wa bangili. Akanitazama.

"Dhapu," akasema.

Tangu nifiwe na mume hakuwa ameniita kwa jina. Nikaviweka viatu vyake chini, nikatoka.

Kadi ilikuwa na joto; la jua au la pumzi yake, sijui. Kichaka kikatikisika. Sikurudi langoni. Nilipanda juu, kadi nimeikumbatia kifuani, na nyuma yangu nikasikia askari akitutukana, kisha bangili. Kesanti alikuwa anakuja, miguu mitupu.

Mlangoni pa hekalu nilimnyooshea kadi. Akaipokea kwa mikono miwili. Hakuifuta.

"Mbona ina alama za meno?" kuhani aliuliza.

"Isome hivyo hivyo, baba," akasema Kesanti.

Nyumbani alisimulia kwamba aliiokota yeye. Kila akisimulia, chui alizidi kunenepa, mpaka akafikia ukubwa wa nyati. Mimi nilisukuma chapati zangu. Ingejulikana ni mkono wa nani ulioiokota, Santra asingeolewa.

Siku ya harusi, ngoma zilipokaribia, niliingia ghalani bila kuambiwa. Kesanti akaja, amevaa nyekundu, ananukia manjano. Akanitazama kidogo, akauvuta mlango. Nikangoja kusikia komeo.

Ngoma zikaingia uani. Wanawake wakaanza kuimba. Komeo halikulia.

Sikutoka. Lakini mlango ulikuwa umebaki na upenyo, na katika upenyo ule niliuona upindo wa nguo ya mwanangu ukipita.