Toleo la Zamani la Monsieur Wauters

Kazi yenyewe walinipa kwa majaribio, miezi mitatu, mwaka 2011: kuweka programu ya wanajiolojia kwenye kompyuta kumi na mbili za taasisi ndogo ya utafiti karibu na Porte de Namur, katikati ya jiji tunaloishi huku ughaibuni. Nikifaulu, nasaini mkataba wa kudumu. Nikisaini, mke wangu Mauwa anaacha kusafisha ofisi kule mtaa wa Schuman, kazi iliyomla mgongo kwa miaka sita. Tulikuwa tumeshapanga hata siku atakayopeleka barua ya kuacha.

Programu ile haikuja tayari. Ilibidi uijenge mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake, na kila nilipoijenga iligoma karibu na mwisho, kwenye maktaba ya michoro, yaani ile sehemu inayomchorea mtafiti ramani ya miamba. Unasubiri saa nzima, halafu unapewa mistari mia mbili ya makosa. Maktaba nimeiweka, toleo jipya kabisa, naiona kwa macho yangu, na mashine inanijibu kwamba amri za kuchora hazimo. Siku tisa nilizungushwa hivyo. Nilifuta, nikaanza upya, nikasoma mtandaoni maswali ya watu waliokwama kama mimi, wakapata dawa, wakaondoka bila kuiandika. Mungu anawaona. Océane, mwenzangu wa meza ya pili, kila asubuhi aliniuliza hali kwa ile sauti ya kumwuliza mgonjwa.

Siku ya kumi nikaikamata. Kwenye folda moja iliyofichika kulikuwa na toleo jingine la maktaba ileile, la mwaka 2003. Mashine ilisoma maelezo ya toleo jipya, lakini wakati wa kuunganisha vipande ikachukua la zamani, ambalo amri hizo halina. Nikaangalia ni nani aliyeliweka. Wauters. Chef mwenyewe, mkuu wa ofisi yetu. Aliliweka kwa mkono wake, akalisahau, na kompyuta zote zikanakiliwa kutoka kwenye ile yake.

Kuliondoa ni dakika tano. Lakini mimi nimelelewa kwetu, mji wa Likasi. Mkubwa humwambii kosa lake mbele ya watu. Unamfuata peke yake, unafunga mlango, unaongea polepole, unamwachia nafasi alirekebishe mwenyewe. Ndivyo baba yangu alivyoishi na wakubwa wake kiwandani, na walimheshimu. Kwa hiyo sikugusa kitu, sikuandika barua pepe. Nikaenda kubisha hodi kwa Monsieur Wauters.

Nilimweleza kwa Kifaransa changu cha adabu kwamba kuna toleo la zamani limesahaulika, bila kumtaja aliyelisahau. Alisikiliza, akaandika kitu kwenye kikaratasi, akanishukuru. Nilitoka mle nikijiona mtu mzima mwenye busara. Mjinga mkubwa.

Jumanne, kwenye kikao, alitangaza kwamba programu sasa inafanya kazi. Alisema baada ya siku kumi za kukwama ilibidi aingie mwenyewe, na alasiri moja ikamtosha. Océane akasema bravo. Kisha chef akanigeukia, kwa upole kabisa, akasema nafasi hii inahitaji mtu mwenye uzoefu zaidi, na kwamba majaribio yakiisha hatutaendelea.

Sentensi nilikuwa nayo mdomoni. Watu saba walinitazama, na yeye peke yake alitazama kikombe chake cha kahawa. Lakini nikashindwa kumvua nguo mzee wa miaka sitini mbele ya wafanyakazi wake.

"Merci, chef," nikasema.

Nyumbani, mtaa wa Laeken, nilimkuta Mauwa jikoni, amekaa, miguu kaiweka juu ya kiti cha pili. Nikamweleza yote, tangu folda hadi kikao.

"Donc ulijua, na haukusema mbele ya batu?" akauliza.

"Mauwa, ule ni mukubwa. Ningemupatisha aibu, angesikia haya."

"Bon. Yeye angesikia haya." Alishusha miguu chini, mmoja mmoja. "Na miye? Six ans naosha vyoo vya batu. Weye ulishaka kuniuliza kama nasikia haya?"

Sikuwahi kumwuliza.