Boksi la Ladu

Kila asubuhi, kabla ya kunywa hata chai, Sumbal alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha mama yake, akamshika mkono, akatafuta kwenye ncha za vidole mahali ambapo hapajachoka kuchomwa. Akichoma, akipata tone la damu, akisoma kimashine cha kupimia sukari, ndipo siku yao ilipoanza. Kazi hiyo ilimwangukia Sumbal baba yao alipokufa. Kaka yake, Waqas, alikuwa ameoa na anakaa mji wa jirani, Drammen, na alikuwa mtoto mwema wa kwenye simu. Kila jioni alipiga kuuliza mama ameshindaje, na akiambiwa sukari imepanda alisema, "Mwambie aache wali," kisha akaaga.

Jumapili ile alikuja mwenyewe, maana dada yake alikuwa anaposwa.

Mposaji aliitwa Shehryar, fundi umeme, wazazi wake wanakaa upande wa pili wa Oslo. Sumbal alimpenda. Hakumwambia mtu, ila alimpenda. Walikuwa wameongea kwenye simu kwa ruhusa ya wazee, na kijana alikuwa mtu wa kusikiliza, siyo wa kungoja tu zamu yake ya kusema. Jambo moja Sumbal hakumwambia, kwa sababu mama yake, Bi Zubaida, alikuwa amemwapisha. Neno sukari lisitoke mdomoni mwake mpaka ndoa ifungwe.

"Watasema damu yenu mbovu, utawazalia watoto wagonjwa," mama alimwambia. "Halafu watasema ukienda utakwenda na mimi mgongoni. Nani anaoa mtu pamoja na mzigo wake?"

Basi sindano za insulini zikahamishwa zikawekwa chini ya karoti ndani ya friji, na kimashine kikatiwa ndani ya kiatu cha marehemu baba.

Wageni walialikwa chakula cha mchana, saa saba. Kilichowasumbua ni ile sindano ya kabla ya kula, maana mama akishajichoma lazima ale upesi, la sivyo sukari itashuka mno. Wanawake wa kwao Pakistani wakija kwako hawakai sebuleni wakatulia. Muda si muda wameshaingia mpaka chumbani, wamekaa kitandani kwako, wanakagua makabati kwa macho. Bi Zubaida hangekuwa na pa kujificha ajichome. Wakakubaliana ajichome wageni wakiwa barabarani. Wakifika, chakula kiko mezani, wote wanakula, mambo yamekwisha.

Waqas akapiga simu, akasikiliza, akasema, "Wako njiani."

Bi Zubaida akajichoma.

Sasa watu hawa wakikwambia wako njiani, ujue kuna mmoja bado anaoga na mwingine anatafuta kiatu. Sumbal alilijua hilo tangu mdogo. Waqas alilijua. Mama yao mwenyewe alikuwa amewadanganya hivyo wenyeji wake maisha yake yote. Lakini siku hiyo wote watatu waliamini, kwa kuwa walikuwa na hamu ya kuamini.

Saa saba ikapita, na nane ikaja. Sumbal akamletea mama yake wali kidogo kwenye kibakuli, akambembeleza ale hata vijiko viwili. Mama akausukuma. Hawezi kukutwa anatafuna, alisema, kama mwenyeji asiye na adabu. Waqas naye akaingilia, akasema amwache mama, ni siku moja tu, asiigeuze nyumba kuwa hospitali.

Wageni wakafika, baba, mama na kijana wao. Bi Tasneem, mama yake Shehryar, alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, na mkononi alibeba boksi la ladu, vile vitamutamu vya mviringo vya sukari na samli, lililofungwa utepe mwekundu. Akaliweka katikati ya meza. Boksi kama lile haliguswi na mtu wa nyumbani. Mama wa kijana akisharidhika, hulifungua mwenyewe, akamlisha msichana kipande cha ladu, na hapo posa imekubaliwa.

Wakaulizana hali. Wakaulizana hali za waliobaki Pakistani, mmoja mmoja. Chakula kilikuwa tayari, lakini baba yake Shehryar aliomba mswala asali kwanza, na mzee akiwa kwenye sala hakuna anayenyoosha mkono kwenye sahani.

Nje theluji ilikuwa inaanguka, na mama yake Sumbal alikuwa anatoka jasho juu ya mdomo.

Bi Tasneem alimuuliza mwenyeji wake kama amekaa hapo miaka yote. Bi Zubaida akajibu habari za nyati wa baba yake aliyetumbukia mferejini, akacheka peke yake. Kisha akamwita Sumbal kwa jina la dada yake mwenyewe aliyekufa zamani. Waqas akacheka haraka, akasema mama amezidiwa na furaha.

Sumbal akakimbilia jikoni, akarudi na chai aliyoijaza sukari. Mama akaupiga mkono wake, chai yote ikamwagikia zulia. Macho yake yalikuwa wazi lakini hayakumwona mtu.

"Mpeleke chumbani," Waqas alimnong'oneza. "Wasimwone hivi."

Sumbal akamwangalia Shehryar. Kijana alikuwa amesimama, hajui aweke wapi mikono yake. Sumbal akaliangalia boksi. Kisha akalivuta, akakata utepe kwa meno, akavunja ladu kwa vidole, akaanza kumtia mama yake mdomoni kidogo kidogo, ndani ya shavu, akimsugua koo ameze, na makombo yakimwangukia kwenye nguo yake ya posa.

Aliyeinuka ni Bi Tasneem. Alipiga magoti, akashika mkono wa Bi Zubaida, akaugeuza, akatazama ncha za vidole zenye vidoti vyeusi vya kuchomwa.

"Alijichoma saa ngapi?" akauliza.

Sumbal akamwambia. Na hapo akaviona vidole vya yule mama vilivyoshika vya mama yake. Vilikuwa na vidoti vilevile vyeusi. Moyo ukamruka kwa furaha. Akajiambia, huyu anajua, huyu hatatuhukumu.

Bi Zubaida alipopata fahamu na kuanza kulia kwa aibu, Bi Tasneem alimsaidia kulala, akamfunika. Kisha akamfuata Sumbal jikoni, akafunga mlango.

"Umefanya vizuri, mwanangu. Mikono yako ina akili."

"Samahani, shangazi. Mama ndiye alitaka tufiche."

"Hata mimi nimewaficha." Akaushika uso wa Sumbal kwa viganja viwili. "Nisikilize. Mwanangu nilikuwa namtafutia mke wa kuniangalia mimi. Wewe mgonjwa wako unaye tayari. Huwezi kuwa na wawili, na mimi siwezi kuwa wa pili."

Sumbal akauliza kama Shehryar ameulizwa.

"Shehryar ni mtoto mwema," alisema Bi Tasneem, kama kwamba hilo ndilo jibu.

Waliondoka bila kula. Mlangoni kijana alifunga kamba za viatu vyake muda mrefu, na Sumbal alisimama pale pale akimngoja ainue kichwa. Alipomaliza alimfungulia mama yake mlango, akatoka nyuma yake.

Waqas alifungiwa biriani ya kupeleka Drammen. Akivaa koti alisema haya mambo yana mipango yake, na uzuri ni kwamba sasa mama hatabaki peke yake.

Jioni Sumbal alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Mama yake alinyoosha mkono bila kumtazama.

"Ungeniacha nianguke huku chumbani," alisema. "Wasingejua."

Sumbal akakichoma kidole, akasubiri tone.

"Watakuja wengine," mama akasema tena, kwa sauti ya chini.

"Na wao wana mama zao," Sumbal akajibu, akainama kusoma namba.