Mchanga wa Mashavuni

Mawingu ya asubuhi ile yalikuwa na matumbo ya kijani, kwa kuwa maji ya kijani yaliyozingirwa na mwamba wa matumbawe huyapaka rangi hata yakiwa huko juu. Mareweia aliyatazama mpaka akaona kama mawingu yametulia na kisiwa ndicho kinachopita. Alikuwa ameketi kwenye fungu la mchanga, akimsubiri mwanawe Iotebwa, aliyekwenda mji mkuu akiwa kijana akawa mtu wa mvi huko huko. Alitaka kusikia neno moja tu kinywani mwake: nabaki. Shimo la marehemu mumewe la kulimia magimbi lilikuwa limemshinda, na hakuwa na wa kumwachia.

Ngalawa ya Tebano, mvushaji wa pale, ikagota mchangani. Iotebwa akashuka, na kabla hata ya kumsalimu mama yake akainama, akachota mchanga mbichi, akajipaka mashavu yote mawili.

Wanawake waliokuwa wakiokota chaza wakaangua kicheko.

"Mareweia we! Umeletewa mgeni! Mtandikie mkeka!"

Maana wanaojipaka ni wageni, ili wenyewe wa kisiwa, wale wasioonekana, wawatambue wasiwadhuru. Mzaliwa hajipaki. Mwacha asili ni mtumwa, lakini huyu alikuwa amejitangaza mchana kweupe! Mareweia aliumia, akaumia sana.

"Hata kwenu unapiga hodi?"

"Usikasirike, mama. Nilipoondoka, hapa palikuwa maji, nimeogelea hapa hapa. Mchanga huu haunijui."

"Na Tebano mbona hashushi tanga?"

Iotebwa akatazama vidole vyake vya miguu. "Nimemwambia atusubiri. Maji yakipwa hatatoka tena leo. Nimekuja kukuchukua, mama. Nyumba imeliwa na bahari, kaburi la baba limeliwa. Umebaki na nini hapa?"

"Imeliwa! Nani kakwambia bahari inakula? Inahamisha, baba."

Mareweia aliyaona kwa macho yake. Upande wa nje mawimbi yalichukua kizingiti, yakachukua minazi, yakachukua mawe meupe ya kaburini. Kila maji makuu ya bamvua yalipopanda, mchanga ulipita mlangobahari ukaja kulala upande wa ndani, taratibu, kama mtu anayemtandikia mwenzake aliyesinzia. Siku nyingine Mareweia alitembea asijue kama ni yeye anayekwenda au ni ardhi iliyo chini yake.

"Unadhani fungu hili limetoka wapi?" akamuuliza. "Limetoka mlangoni kwetu na kaburini. Umejipaka baba yako usoni, mjinga wewe."

Mkono wa Iotebwa ukainuka kwenda shavuni, ukaishia njiani. Akaigeukia ngalawa, maji yakimshuka vifundoni.

"Tebano!" akaita. "Nenda zako, ndugu yangu. Maji yasije yakakuacha."