Nakala ya Pili

"Boksi la sabuni ya mche, shelfu ya nne, chini," alisoma Candida. "Ndani mna beringi za gurudumu la mbele. Peugeot 504."

Vidole vya Urvish vikakimbia juu ya vitufe. "Endelea, mama Tarsis."

"Boksi la maziwa ya unga, shelfu hiyohiyo, juu yake. Plagi za Datsun."

"Endelea."

Akaendelea. Tangu Septemba alikuwa akiendelea tu, saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, yeye akisoma leja kwa sauti, mtoto wa tajiri akiandika, na mbele yao kioo cha kompyuta kikiwaka herufi za kijani. Leja zilikuwa kumi na nne, na kumi na tatu zilikwisha. Candida alijua, Urvish alijua, hata wachukuzi wa mikokoteni waliokuwa wakipumzika barazani walijua, kwamba leja ya kumi na nne ikiisha na kazi ya Candida imeisha. Hakuna aliyemficha. Mzee Ravindra, tajiri mwenyewe, alimwita ofisini, akamkaribisha chai ya tangawizi, akamwambia, "Diwali ikipita, mama, utapumzika. Umefanya kazi sana." Candida akashukuru. Mtu akikwambia utapumzika, na kikombe chake umekishika mkononi, utamjibu nini?

Usishangae hizo sabuni na maziwa. Duka la Mzee Ravindra, mitaa miwili kutoka sokoni Kariakoo, lilikuwa duka la spea za magari, na halijawahi kuuza sabuni hata kipande. Desturi ile ilizaliwa miaka ya kusakwa walanguzi, wakati mfanyabiashara mwenye bidhaa nyingi stoo hakuwa na usingizi. Mzee akaamuru kila kitu kiingie kwenye boksi la kitu kingine. Beringi zikalala kwenye sabuni, bushi zikalala kwenye biskuti, na ukweli ukabaki mahali pawili tu: kwenye leja, na kwenye kichwa cha Candida, mtunza stoo aliyeziandika. Kisha nchi ikafunguliwa. Kontena zikaja, magari yaliyokwisha kutumika Japani na Dubai yakaanza kushushwa bandarini, na kuwa na mali hakukuwa tena kosa. Lakini nani mwenye muda wa kubadilisha maboksi elfu tatu? Yakaachwa yaendelee kudanganya.

Miaka ishirini na miwili. Candida aliingia pale akiwa mke wa mtu, akawa mjane, akamlea mwanawe Tarsis mpaka akaenda kutafuta maisha Geita, na katika yote hayo stoo haikubadilika. Fundi akiitaja spea kaunta, Candida alikuwa amekwisha kurudi nayo kabla fundi hajamaliza kuwasha sigara. Hiyo ndiyo ilikuwa fahari yake, na hakuwa na nyingine.

Alidhani ataona uchungu. Aliungoja kama watu wa Ilala wanavyongoja maji ya bomba, wakiwa na ndoo tayari, na haukutoka hata tone. Alikula, alilala, aliamka, alisoma leja.

"Wewe una wazimu," Zena alimwambia, jirani yake aliyepanga chumba cha pili katika nyumba yao ya Ilala. "Watu huchimbiwa kaburi na wenzao. Wewe unajichimbia mwenyewe, tena unasoma kwa sauti!"

"Hawauwezi mwandiko wangu."

"Basi si ndiyo vizuri? Ungewaachia mwandiko wako wahangaike nao."

Candida akacheka kidogo, kwa sababu Zena alitaka acheke.

Leja ya kumi na nne iliisha siku ya Ijumaa. Urvish alibonyeza vitufe viwili vitatu, mashine ikakoroma, kisha akamwonyesha visahani vya plastiki vya mraba, kila kimoja ukubwa wa kiganja.

"Hizi zinaitwa disketi. Kompyuta hii haina mahali pa kutunza kitu tumboni mwake, kila kitu kinakaa humu. Tatu hizi ni leja zako zote, mama. Na tatu hizi ni nakala ya pili. Za kwanza zikiharibika, tunazo za pili. Leja ilikuwa moja tu. Ingeungua moto je?"

"Mnaziweka wapi?"

"Kabatini kwa baba."

"Na za pili?"

"Kabatini."

Candida akatikisa kichwa kuitikia. Yeye ni mtu wa leja, angejua nini habari za disketi? Mchana ule Zahoro, muuza karatasi za kufungia, alileta mkokoteni akazinunua leja zote kumi na nne kwa kilo. Candida alisimama mlangoni akizitazama zikipakiwa. Moja ilifunguka ukurasa ambao aliuandika wiki aliyomzika mumewe, mwandiko umelala upande. Zahoro akaufunika na gunia.

Yaliyotokea siku ya Diwali aliyasikia baadaye, akiwa amekwisha kukaa nyumbani, na Kariakoo nzima iliyasikia, kwa hiyo hakuna siri.

Kila mwaka siku hiyo familia ya Mzee Ravindra hupanga vitabu vipya vya duka kwenye sinia mbele ya Lakshmi, mungu wa neema. Baba mwenye nyumba hufungua ukurasa wa kwanza wa kila kitabu na kuutia alama ya heri kwa kidole kilichochovywa unga mwekundu. Ndipo mwaka wa biashara huanza. Mwaka huu vitabu vya stoo havikuwapo. Mzee akasema, "Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari letu sasa ni hizi." Akaziweka disketi kwenye sinia, zote sita, maana mtu hapeleki nusu ya vitabu vyake kubarikiwa akaiacha nusu gizani.

"Ukurasa wa kwanza uko wapi?" mkewe, Jasvanti, akauliza.

Mzee aliigeuza disketi huku na huku. Akakuta kifuniko kidogo cha bati, akakisukuma, kikateleza. Ndani akaona utando mweusi unaong'aa. Aliridhika kabisa: ukurasa ndio huu. Akachovya kidole kwenye unga ule mwekundu uliolowana, akatia alama, akageukia ya pili. Alitia zote sita, polepole, kwa ibada yote. Urvish wakati huo alikuwa ngazini akipokea wageni.

Jumatatu mashine ililia kama kinu kilichotiwa mchanga. Disketi ya kwanza, hakuna kitu. Ya nne, hakuna kitu. Urvish aliivuta ya sita, akaona wekundu, akakaa chini sakafuni na viatu vyake vizuri.

Alikimbia kwa Zahoro. Leja zilikuwa zimekwisha kusambaa soko zima. Zimefungia bizari, zimefungia pilipili manga. Kijana wa watu alirudi na kurasa kumi na moja, mbili zikinuka dagaa. Kwa siku tatu walifungua maboksi, lakini kufungua boksi si kujua kilichomo. Pete ya mpira ni pete ya mpira. Moja inaingia Bedford, nyingine inaingia Land Rover, na ukizikosea gari linarudi linavutwa kwa kamba. Mafundi wakaanza kwenda duka la pili.

Siku ya nne Mzee Ravindra alikwenda Ilala mwenyewe, kwa miguu, na boksi la ladu, vitamutamu vya Diwali, kwapani. Zena alikimbia kumletea kiti.

"Mama Tarsis," alisema. Alionekana mzee kuliko wiki iliyopita. "Nimeharibu kwa mkono wangu. Nilikuwa naomba baraka."

"Pole, tajiri."

"Kichwa chako kizima?"

"Kizima."

"Basi njoo utuokoe."

Zena, aliyekuwa amejibanza mlangoni, akakohoa kwa nguvu. Candida akakielewa kikohozi kile. "Na mashine ikishajaa tena, tajiri?"

Mzee alitazama mikono yake. Ncha ya kidole kimoja ilikuwa bado na wekundu. "Mtu anayekumbuka kila kitu nitamwondoaje? Ukae mpaka uchoke mwenyewe. Nilikosea kukuambia vile. Lakini iwe kila kitu, mama. Kama ni nusunusu, afadhali niuze stoo yote kwa bei ya chuma chakavu, tufunge."

Alipoondoka, Zena alipiga kigelegele kidogo cha ndani kwa ndani. "Umeona? Shukrani ya punda mateke, lakini leo punda kaja na ladu! Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Uso huo ndio wa furaha?"

Candida aliugusa uso wake. Ulikuwa kama uso wa mtu aliyetoka kung'olewa jino, kabla ganzi ya sindano haijaisha.

Kazi ilianza kesho yake. Urvish alifungua boksi, akainua kitu juu, Candida akataja, Urvish akaandika. Bila leja, bila miwani. "Bushi za mkono wa juu, Land Rover. Waya wa klachi, Datsun. Gasketi ya chini, 504, si 404, hiyo ya 404 iko boksi la majani ya chai." Siku ya kwanza wakamaliza shelfu mbili. Wachukuzi walisogea mlangoni kusikiliza, wakawa wanaguna kila anapopatia. Mzee aliagiza kiti chenye mto. Jasvanti alileta chai kwa mkono wake mwenyewe. Miaka ishirini na miwili, haijapata kutokea.

Siku ya tano, shelfu ya tisa, Urvish alifungua boksi la biskuti akatoa kipande cha chuma chenye mpira katikati, kinene kama gumba.

"Hii, mama?"

Candida akakitazama.

Alijua rangi yake. Alijua siku kilipoingia, mvua ilikuwa inanyesha na bonde la Jangwani limejaa maji, na yeye alichelewa. Aliukumbuka hata ukurasa, ulikuwa upande wa kulia, una doa la chai. Akausoma ukurasa ule kichwani kutoka juu. Alipofika mstari huo, palikuwa peupe.

Feni ilizunguka. Mzee Ravindra alikuwa mlangoni, Jasvanti nyuma yake na kikombe, wachukuzi nyuma yao. Wote walimtazama mdomo.

"Mama?" alisema Urvish.

Angeweza kusema sijui. Ni neno dogo. Lakini Mzee alisema kila kitu, na baada ya sijui ya kwanza ingekuja ya pili, na nyumbani kulikuwa na kitanda, na ndoo, na siku nyingi sana.

"Bushi za springi," alisema. "Bedford. Za nyuma."

Sauti ilitoka vilevile kama ilivyotoka kwa zile nyingine zote. Urvish akaandika. Mchukuzi mmoja akaguna kwa kuridhika. Candida akangoja woga, haukuja. Akangoja aibu, nayo haikuja. Jasvanti akampa chai.

Saa tisa Urvish alizima mashine akamjia na disketi moja, ameifunga kwenye bahasha.

"Mama, sasa tumejifunza. Nakala mbili hazilali tena nyumba moja. Ya kwanza inabaki hapa. Ya pili itakuwa inalala kwako, Ilala, asubuhi unakuja nayo. Baba amesema hakuna mwingine wa kumpa."

"Kwangu hakuna kabati."

"Weka popote pakavu. Baba anakuamini."

Aliifunga bahasha kwenye leso, akaitia kifuani, akashika njia. Mtaa ulikuwa umejaa kama kawaida. Wauza vitambaa waliita, redio tatu zilishindana, mtu akamkanyaga akasema samahani mama. Njia nzima mkono wake ulikuwa kifuani, kama mtu aliyebeba nauli ya safari ndefu.

Nyumbani Zena alikuwa bado hajarudi. Candida aliketi kitandani, akafungua leso, akaitoa disketi. Ilikuwa nyepesi mno. Humo mlikuwa na shelfu tisa za ukweli, na mstari mmoja alioutunga yeye, na haukuwa na uzito tofauti na mingine. Siku moja fundi asiyemjua atalala chini ya Bedford, atakifunga kile chuma, kitagoma, au hakitagoma. Akaisogeza disketi sikioni, akaitikisa. Ndani kitu kikalia kidogo, kama kiberiti kilichobakiwa na njiti moja.

Akaiweka juu ya meza, taratibu. Kisha akaichukua tena, akaitikisa, akiutafuta mstari wake.