Wale Wasioelewa Ukurasa wa 41

Assistant Lydie alikuwa na siku nne tu za kujua kwa nini wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaanguka hesabu. Ijumaa angempelekea matokeo Profesa Dominique, msimamizi wa utafiti wake. Bila matokeo hakuna diploma, na bila diploma mkataba wake wa kufundisha pale faculté, chuoni, ungekwisha pamoja na mvua.

Mpango ulikuwa mwepesi kama uji wa mgonjwa. Wanafunzi kumi na mmoja walijitolea. Amwite mmoja mmoja, ampe ukurasa wa 41 wa syllabus, kile kijitabu cha masomo, amwambie asome na aseme kwa sauti kila kitu kinachopita kichwani. Ukurasa ule ulisema kwamba namba zinazozidi kupanda, lakini zisizoweza kuvuka kiasi fulani, lazima zisogelee mahali pamoja. Hakuna maelezo. Chini yake, herufi nzito: *c'est évident*. Yaani iko wazi, usiulize.

Wa kwanza, Caleb, aliingia na kravati ya baba yake, ile ya ndoa na matanga. Akasimama wima, akafumba macho, akakariri ukurasa mzima na koma zake, mpaka namba ya ukurasa.

"Caleb, haiko examen. Sema tu ile unawaza."

"Mi nawaza vile syllabus inasema, Assistant."

"Na umesikia maana yake?"

"Sana!"

Wa pili alikuja na koti. Wa tatu alifanya kwanza alama ya msalaba. Mpaka wa saba, wote walikuwa wamesikia sana, yaani wameelewa, watu walewale ambao mwezi uliopita walipata mbili juu ya makumi mbili. Lydie akajaribu ujanja: akaandika ubaoni kwamba tatu ni ndogo kuliko mbili. Elisée, wa nane, aliutazama ubao, akameza mate.

"C'est juste, Assistant. Iko sawa."

Alilelewa vizuri, maskini. Nani anamsahihisha mkubwa usoni pake?

Elisée akatoka. Lydie akalaza kichwa juu ya meza. Aliona tayari namna atakavyorudi nyumbani Kamalondo, mama mkwe wake akimuuliza kama ile hesabu inapikwa na mafuta au na chumvi. Ndipo aliposikia kelele nje, pale kwenye benchi walipokaa wote, waliokwisha kuhojiwa na waliokuwa wakingoja.

"Sikieni, bantu ya Mungu! C'est é-vi-dent!"

Ilikuwa sauti ya Mwaba, mwanafunzi aliyekuja masomoni na mtoto mgongoni. Lydie akachungulia. Mwaba alikuwa akimwiga yeye mwenyewe, hata kusukuma miwani isiyokuwepo.

"Évident kwa nani? Kwa mama yake? Mi nilisoma ile page mpaka mutoto anaijua. Nikiifungua tu, analia!"

"Kitu inapanda kila siku, itakosa kuvuka namna gani?" Caleb akasema. "Bei ya makala ya kupikia inapanda. Iko na mwisho?"

"Haina!" wakaitika wote.

"Njo maana mi nakariri tu."

Dakika mbili za benchi zilikuwa zimempa Lydie kile ambacho mahojiano manane yalimnyima. Akafungua mlango. Mwaba akakaza kitambaa cha mtoto kama mtu anayejiandaa kukimbia.

"Assistant, pardon. Njo shetani alinituma."

"Shetani aendelee." Lydie akaketi katikati yao. "Wakati nilikuwa kwa nafasi yenu, ile page sikuisikia. Niliikariri, nikapata quatorze, kumi na ine juu ya makumi mbili. Mukikubali, nitaandika yote munasema, bila majina."

Wakatazamana. Caleb akafungua kravati. Kisha ikawa kama soko: wote kumi na mmoja wakakiri kwamba ukurasa ule hawakuusikia hata kidogo.

Ni Mwaba aliyeisuluhisha, kwa bukari, yaani ugali, akimbembeleza mtoto. "Ngoja. Huyu akikula nusu ya bukari, kisha nusu ya ile inabaki, kisha nusu tena... ile amekula inapanda kila mara. Lakini haiwezi kupita sahani!"

"Eh!" Caleb akasema. "Sasa juu ya nini habakuandika bukari?"

Ijumaa, Lydie alipanda ngazi akiwa na karatasi sita. Syllabus ile ilikuwa ya Profesa Dominique. Yeye ndiye aliyeandika *c'est évident*, na karatasi zilisema wazi kwamba pale ndipo watu wanapopotelea. Angeweza kulifuta hilo. Hakulifuta.

Profesa alisoma mpaka mwisho. Akarudi mwanzo, akasoma tena ile sentensi ya "Évident kwa nani? Kwa mama yake?"

"Banafunzi ngapi habakusikia?"

"Kumi na moja, Prof." Lydie akavuta pumzi. "Na mimi, kumi na mbili."

Mzee akaitazama syllabus yake, ile aliyoinakili kwa mwalimu wake zamani, neno kwa neno.

"Mi nilianza kuisikia na miaka makumi tatu," akasema polepole, "nikiwa tayari naifundisha."

Akamsukumia kalamu.

"Andika kumi na tatu."